Mishipa Midogo, Homoni na Presha

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Nyayo Highrise, na wengi wenu mmeniona nikipanda ngazi za majumba yetu, au nikivuka upande wa Soweto na Laini Saba na mkoba begani na mashine ya kupima presha. Leo mada ni hiyo hiyo presha, yaani shinikizo la damu. Lakini sitaanza na ule wimbo wa kila siku wa punguza chumvi na meza dawa. Huo mmeusikia mpaka mmechoka. Leo tuingie ndani ya mwili tuone ni nani hasa anayeipandisha.

Nina sababu ya kufanya hivyo. Swali ninaloulizwa kuliko yote nikishafungua kitambaa cha mashine mkononi mwa mtu ni hili: "Sista, hii presha imetoka wapi? Mimi sina mawazo, sina deni, wala siumwi popote." Ni swali la haki. Na mtu asipopata jibu, hutafuta lake mwenyewe. Atasema amerogwa, au mashine imeharibika, au presha ni ugonjwa wa matajiri wa Karen. Halafu dawa anaiacha kabatini.

Tuanze na mishipa. Damu inatoka kwenye moyo kupitia mshipa mkubwa, mnene kama kidole gumba au zaidi. Mshipa huo unagawanyika kama matawi ya mti, kila tawi likiwa jembamba kuliko lililotangulia, mpaka tunafika kwenye vishipa ambavyo ni vyembamba kuliko unywele. Watu wengi wakisikia presha hufikiria moyo, au ile mishipa mikubwa ya shingoni inayodunda. Ukweli ni kwamba presha huamuliwa zaidi na hivi vishipa vidogo. Kwa nini? Kwa sababu ukuta wa kila kishipa umezungukwa na misuli. Misuli ikijikaza, njia inakuwa nyembamba. Ikilegea, njia inapanuka. Ni kama bomba lenye koki.

Sisi wa huku tunaijua habari ya mipira ya maji. Mwenye tangi anafungulia maji, mpira unapita chini ya mabati na kando ya mitaro mpaka kwako. Mtu akikanyaga mpira katikati, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja: nyuma ya mguu wake mpira unavimba na kukaza, na huku mbele mtungi wako unapata matone. Ndivyo ilivyo mwilini. Vishipa vikijibana, nyuma yake, upande wa moyo, nguvu ya damu inapanda, na mbele yake, kwenye figo, macho na ubongo, damu inafika kwa shida.

Na hapa kuna hesabu ambayo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata wanafunzi wa uuguzi huwa inawashangaza. Njia ya damu ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha damu hauongezeki mara 2. Unaongezeka mara 16. Hata njia ikipungua kidogo tu, tuseme sehemu 1 kati ya 10, ugumu unaongezeka kwa kama nusu. Kwa hiyo haihitaji kitu kikubwa. Kubana kidogo sana, kwenye vishipa vingi sana, kunatosha kuitoa presha kwenye 120 na kuipeleka 160. Na kubana huko hakuumi. Misuli ya vishipa haina namna ya kukuambia kwamba imejikaza. Ndiyo sababu mtu anatembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Eneo la Viwanda na kurudi, akiwa na presha ya 180, na anaapa kwamba ni mzima.

Sasa nani anaviambia vishipa vijibane? Wako wawili: mishipa ya fahamu, na homoni. Homoni ni ujumbe wa kemikali. Kiungo kimoja kinautengeneza, unasafiri na damu, unafika kwenye kiungo kingine na kukiambia la kufanya. Mtu akisikia neno homoni hufikiria mambo ya uzazi na kubaleghe tu. Lakini homoni ni nyingi, na zile zinazohusika na presha zinatoka mahali ambapo hamkutegemea.

Ya kwanza mnaijua hata kama hamjui jina lake. Unarudi usiku, stima zimepotea, unapita uchochoroni na unasikia hatua za mtu nyuma yako. Moyo unaruka, mikono inakuwa baridi, kinywa kinakauka. Hiyo ni adrenalini na ndugu yake noradrenalini. Zinatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, na pia kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Zinabana vishipa vya ngozi na vya tumbo ili damu iende kwenye misuli, upate kukimbia. Mikono inakuwa baridi kwa sababu damu imehamishwa. Ukifika nyumbani salama na kufunga mlango, homoni inapungua na presha inashuka. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni pale ambapo hatua za nyuma haziishi: kodi ya nyumba, kelele usiku kucha, zamu za usiku za walinzi wetu, kulala saa 4. Koki inabaki imekazwa nusu.

Ya pili ndiyo kubwa, na inaanzia kwenye figo. Mwaka 1898, huko Stockholm, Tigerstedt na Bergman walichukua figo ya sungura, wakaisaga, wakachuja maji yake na kuyadunga katika mishipa ya sungura mwingine. Presha ya yule wa pili ikapanda. Kitu kilichokuwa ndani ya yale maji wakakiita renini. Watu hawakukitilia maanani sana kwa miaka mingi. Leo tunajua kwamba figo zina walinzi wake. Zikiona damu inayofika ni kidogo, au chumvi imepungua, zinatoa renini. Renini inakutana kwenye damu na protini inayotengenezwa na ini, inaikata, na baada ya kukatwa mara ya pili, hasa ikipita mapafuni, inakuwa kitu kinachoitwa anjiotensini ya pili.

Hiyo anjiotensini ya pili ni mfanyakazi hodari kupita kiasi. Inabana vishipa yenyewe, na kwa nguvu. Inakufanya usikie kiu. Inakwenda kwenye zile tezi zilizo juu ya figo na kuziagiza zitoe homoni nyingine, aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuziambia figo: msitupe chumvi, irudisheni kwenye damu. Chumvi ikirudi, maji yanaifuata. Kwa hiyo sasa una mpira uliokanyagwa, na tangi limejazwa zaidi.

Msidhani kwamba mwili umekosea. Mfumo huu ndio unaomwokoa mtoto anayehara, na mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Bila huo, wengi wetu hatungekuwapo. Shida ni kwamba uliwekwa kwa ajili ya watu wanaotokwa jasho shambani na wanaopata chumvi kwa shida. Hukuwekwa kwa ajili ya chipsi za jioni.

Na jambo hili halikusomwa Ulaya peke yake. Mwaka 1929 daktari mmoja aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, eneo la Kisii na kando ya ziwa katika Kenya ya wakati huo, aliandika katika jarida la madaktari kwamba kwa miaka 2 hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800 na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Tena aliona kwamba presha ya wenyeji haikupanda na umri kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Mkisikia mtu anasema presha ni ugonjwa wa damu ya Mwafrika, mkumbusheni hilo.

Kisha katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Uingereza walifanya kazi ambayo inatuhusu sisi wa Nairobi moja kwa moja. Waliwafuata vijana Waluo waliotoka vijijini, mahali ambapo presha ilikuwa chini, wakaja mjini kutafuta kazi. Waliwapima kwa muda wa hadi miaka 2, na wakati huo huo wakawapima wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Presha ya waliohamia Nairobi ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na haikungoja miaka. Tofauti ilionekana katika miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, ile madini ya mboga, matunda na viazi, imepungua. Uzito ulikuwa juu. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na watafiti wakaona hiyo ni dalili kwamba huenda ile mishipa ya fahamu inayofanya kazi pamoja na adrenalini ilikuwa imeamshwa.

Mimi nikisoma habari hiyo huwa nawafikiria watu tunaoshuka nao basi la usiku Machakos Country Bus na begi moja. Damu ni ile ile, wazazi ni wale wale. Kilichobadilika ni mji. Na mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ulipofanywa, karibu Mkenya 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na presha iliyopanda au alikuwa akitumia dawa yake: asilimia 23.8. Na zaidi ya nusu, asilimia 56, walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani.

(Muziki mfupi)

Tunaendelea. Nilisema homoni inabana na baadaye inaachilia. Sasa kwa nini mtu aliyekwisha kulipa deni lake, akapunguza chumvi na akapata usingizi, bado ana presha? Hapa ndipo pale ambapo wagonjwa wangu wengi huacha dawa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vishipa vinavyobanwa kila siku hubadilika umbo. Mtu anayebeba magunia sokoni Kawangware mikono yake inakuwa minene. Misuli ya vishipa nayo ni hivyo hivyo. Anjiotensini haibani tu, bali kwa miaka inaufanya ukuta ukue na kuwa mgumu. Ukuta ukinenepa kwa ndani, njia inakuwa nyembamba hata kama hakuna anayeibana. Vishipa vingine vidogo kabisa hufungwa na kupotea. Zaidi ya hayo, ndani ya kila mshipa kuna utando laini unaotoa hewa inayoitwa naitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kuilegeza misuli. Wamarekani watatu waliohusika na ugunduzi huo, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Sigara, sukari iliyozidi kwenye damu, na presha yenyewe, huuharibu utando huo. Basi mwenye kubana ana nguvu, na mwenye kulegeza amechoka.

Ndiyo maana presha ikishakaa, inajilisha yenyewe. Vishipa vya figo vikibanwa, figo inaona damu ni kidogo, inatoa renini, na mzunguko unaanza upya. Na ndiyo maana dawa si ya wiki 2. Dawa haijakuponya kama vile dawa ya malaria inavyoponya. Inashikilia koki iwe wazi. Ukiiachilia, inarudi kujikaza. Presha yako ikisoma 124 ukiwa kwenye dawa, maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Haina maana kwamba umepona.

Sasa dawa zenyewe. Ukiujua ule mfumo wa homoni, vidonge vyako havitakuwa tena rangi tu.

Kuna dawa kama enalaprili, inayozuia ile hatua ya pili ya kukata, anjiotensini isitengenezwe. Dawa ya kwanza ya kumeza ya aina hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili. Anayeumwa na nyoka huyo presha yake huanguka. Kuna losatani, ambayo inaiacha anjiotensini itengenezwe lakini inaiziba mlangoni kwenye kishipa. Kuna dawa ya kukojoza, haidroklorothayazidi, inayotoa chumvi na maji. Na kuna amlodipini, ambayo haigombani na homoni yoyote. Inakwenda moja kwa moja kwenye misuli ya vishipa na kuizuia isikaze, awaye yote aliyetoa amri.

Kwa nini kliniki nyingi hapa zinaanza na amlodipini au dawa ya kukojoza? Kwa sababu kwa watu wengi wa asili ya Afrika wenye presha, renini huwa chini. Figo zinashika chumvi kwa nguvu, damu inajaa, na walinzi wakiona tangi limejaa hawatoi renini. Kwa mtu wa namna hiyo, enalaprili peke yake inakuta kazi ndogo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wagonjwa 728. Walipewa dawa mbili mbili kwa miezi 6. Makundi yote yaliyopata amlodipini, pamoja na ya kukojoza au pamoja na ya jamii ya enalaprili, yalishusha presha kuliko kundi lililokosa amlodipini. Huo ni ushahidi wa kwetu, kutoka kwa miili yetu.

Lakini sisemi Waafrika wote ni sawa. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2017, wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, ulichukua watu ambao presha yao ilikataa kushuka, ukapima renini na aldosteroni zao, na kuwapa dawa kufuatana na majibu. Walidhibitiwa vizuri kuliko waliotibiwa kwa kawaida. Wengine walikuwa na aldosteroni nyingi kupita kiasi, nao hunufaika na dawa kama spironolaktoni. Vipimo hivyo ni vya gharama na havipatikani kila mahali, lakini kama unameza dawa 3 kila siku bila kukosa na presha bado iko juu, hasa kama misuli inalegea na potasiamu ni ya chini, una haki ya kumwuliza daktari: je, yangu si ya homoni?

Na mwenzako akikuonyesha vidonge vyake kwenye foleni ya Mbagathi, vyake vimshike yeye. Tangi lake si tangi lako.

Tatizo moja la amlodipini nalijua kwa sababu naliona kila mwezi. Mama anaanza dawa, baada ya wiki chache vifundo vya miguu vinavimba. Jirani anamwambia, hiyo dawa inaua figo. Anaiacha. Mama, sikiliza. Dawa imefungua vishipa vinavyoleta damu, lakini vile vinavyoirudisha havikufunguka sawa, basi maji yanavuja kidogo na, kwa sababu ya uzito wake, yanateremka miguuni. Si figo. Rudi kliniki, kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa au ukaongezewa ya aina nyingine. Enalaprili nayo humpa mtu kikohozi kikavu kisichoisha. Hiyo pia hubadilishwa. Lakini mdomo au ulimi ukivimba, hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Na dawa ya kukojoza, meza asubuhi. Nimekuta akina mama wengi wa ploti wanaoimeza usiku, halafu wanaogopa kutoka saa 8 za usiku kwenda kwenye choo cha nje, na wana sababu ya kuogopa. Basi wanaiacha kabisa. Imeze asubuhi mapema, ifanye kazi kabla hujapanda matatu.

Niseme sasa juu ya homoni ambazo hatuzaliwi nazo, tunazinunua.

Kuna vidonge vinavyouzwa kwa siri kwa wasichana wanaotaka kuongeza mwili, na kuna krimu za kung'arisha ngozi. Ndani ya vingi vya hivyo mna dawa za jamii ya kotisoli, homoni nyingine ya zile tezi za juu ya figo. Ni dawa halali zikitolewa na daktari kwa pumu au ugonjwa wa viungo. Lakini ukizimeza kila siku bila kipimo, zinashika chumvi na zinavifanya vishipa vitii zaidi kila adrenalini inapoita. Uso unakuwa wa mviringo, mashavu yananawiri, watu wanakusifu kwamba umependeza. Presha na sukari vinapanda kimya kimya. Tena usiziache ghafla ukishazoea, kwa sababu tezi zako zitakuwa zimelala. Njoo kliniki tuziondoe polepole. Sitakugombeza.

Dawa za maumivu nazo, kama diklofenaki na aibuprofeni, si homoni, lakini zinaizuia figo kutengeneza kemikali zinazolegeza vishipa vyake. Kidonge kimoja kwa jino si kitu. Kila siku kwa mgongo, na una presha, ni jambo jingine.

Kupanga uzazi. Vidonge vyenye homoni 2 vina estrojeni, nayo inalifanya ini litoe kwa wingi ile protini inayokatwa na renini. Kwa wanawake wengi mwili unamudu. Kwa wachache presha inapanda. Kwa hiyo usinunue pakiti dukani kabla hujapimwa. Ukiwa na 140 kwa 90 au zaidi, vidonge hivyo si vyako. Kuna koili, kuna kipandikizi cha mkono, na hivyo havina estrojeni. Sindano ya miezi 3 nayo haina estrojeni, lakini presha ikifika 160 kwa 100 tunatafuta njia nyingine. Simwambii mtu aache kupanga uzazi. Mimba isiyopangwa juu ya presha ni hatari kuliko kidonge.

Kwa wale waliokoma hedhi: estrojeni ya mwilini mwako, ile ya asili, ilikuwa ikiusaidia utando wa vishipa kutoa hewa ya kulegeza. Ikiondoka, ulinzi huo unapungua. Mama aliyekuwa na 110 miaka yote anashangaa akiwa na miaka 53 anapata 150. Basi pima, hata kama ulipimwa zamani ukaambiwa uko sawa.

Na mjamzito. Kondo la nyuma, katika mimba nyingine, halikushikamana vizuri na vishipa vya tumbo la uzazi. Linapokosa damu linatoa kemikali zinazoudhuru utando wa vishipa vya mama mwili mzima. Vishipa vinajibana na kuvuja, presha inapanda, protini inaonekana kwenye mkojo. Hii huja baada ya wiki ya 20. Kichwa kinachouma sana, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso kuvimba ghafla: usingoje siku ya kliniki, usingoje mume atoke kazini. Nenda hospitali. Kifafa cha mimba kinaua, na sindano ya magnesiamu salfeti inakizuia. Na kwa mwenye presha anayetaka kushika mimba: enalaprili na losatani huharibu figo za mtoto tumboni. Tuambie mapema tukubadilishie, tuna methildopa na nifedipini.

Nimebakiwa na dakika chache, nisome ujumbe 2 wa simu.

Baba mmoja wa hapa Highrise anauliza: "Nikipimwa kliniki ni 150, nikipimwa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii ni 132. Nani mwongo?" Hakuna mwongo, mzee. Umepanda matatu, umesimama kwenye foleni, umeona koti jeupe, na adrenalini imefanya kazi yake. Wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa na mashine kwenye mikoba yao tangu ile iliyogawiwa kitaifa kuanzia Septemba 2023. Mwombe akupime siku kadhaa tofauti, asubuhi na jioni. Ukae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa, na usizungumze. Hata siasa. Hasa siasa. Andika namba zote kwenye daftari, ulete kliniki. Nyumbani tunaanza kuhesabu ni presha ikiwa 135 kwa 85, si 140, kwa hiyo hiyo 132 iko karibu na mpaka.

Mwingine, hakutaja mahali, anauliza kama akila ndizi na sukuma wiki anaweza kuacha chumvi kama ilivyo. Hapana. Potasiamu ya ndizi, maharagwe, viazi na mboga huzisaidia figo kutoa chumvi na hulegeza vishipa, ndiyo. Lakini kama chumvi inaingia kwa kijiko na kutoka kwa ncha ya kisu, utakuwa unachota maji kwa kikombe huku bomba limefunguliwa. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa chakula chote. Na hesabu pia ile usiyoiona: viungo vya mchuzi vya pakiti, mkate, soseji, mutura wa jioni, na ile chumvi inayowekwa kando ya nyama choma pale Kenyatta Market. Ikiwa una ugonjwa wa figo, au unatumia spironolaktoni, usiongeze potasiamu kabla hujazungumza na daktari, kwa sababu ikizidi husimamisha moyo.

Ukitaka kupimwa, kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe kitakupima, na mhudumu wa afya wa mtaa wako yuko na mashine. Wiki ijayo nitakuja na mada ya figo na kipimo cha mkojo. Kwaherini kwa sasa.